Muhtasari, Ukurasa wa Pili

Nimeandika: Kikao kilifunguliwa saa nne na nusu.
Sikuandika kwamba saa nne na nusu ilikuwa saa sita,
kwamba Afisa Elimu Kata alipata pancha njiani
na tulimngoja kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yakigusa videvu,
watu wazima tumekunjwa kama barua.

Nimeandika: Agenda ya kwanza, kuunganisha shule.
Chilundu, wanafunzi mia na kumi na tisa, walimu watatu.
Ng'hambala, mia nne na ushee, walimu tisa,
umeme, matundu ya choo kumi na mawili.
Hesabu hizo ni za kweli. Nilizihakiki mwenyewe.

Afisa akasema umoja ni nguvu.
Neno kuunganisha alilirudia taratibu,
kama anayempulizia mtoto uji.
Ndipo Sechelela Malogo, muuza karanga,
aliyeishia la nne mwaka ule wa njaa,
akasimama bila kunyoosha mkono:
"Ukiwa na mbili ukabakiwa na moja,
humu humu, kwenye ubao huu huu,
tulifundishwa hiyo inaitwa kutoa."

Watu walicheka. Afisa naye alicheka.
Nimeandika: Mjumbe mmoja aliomba ufafanuzi.

Korongo sikuliandika.
Liko kati yetu na Ng'hambala,
miezi minane ni njia ya mchanga, mbuzi hulala humo.
Kisha mvua inanyesha huko juu, kwetu jua kali,
na maji yanakuja bila wingu,
yamebeba magogo na ndoo za watu.
Kila mmoja mle ndani alikuwa anamfikiria Wendo,
na hakuna aliyemtaja,
maana mama yake alikuwa amekaa pale dirishani.
Tulisema tu "hali ya kijiografia."
Hiyo nimeiandika.

Yeremia Ndahani, fundi baiskeli, akaomba nafasi.
"Mwanangu yuko la sita, hajui kugawanya.
Mwalimu wa hesabu aliondoka mwaka juzi,
tukabaki na boksi lake la chaki.
Ninyi mnalilia kuta.
Mimi namlilia mtoto."
Wakamzomea. Mtu akamwita msaliti.
Mimi nilinyamaza, kalamu nayo ikanyamaza,
kwa kuwa kitindamimba wangu yuko Ng'hambala tangu Januari,
kwa shangazi yake, karibu na hao walimu tisa,
na katibu wa kamati ya shule
hajamwambia mtu.

Nikaangalia ukuta.
Tofali la tatu kutoka mlangoni lina shimo dogo:
dole gumba la baba,
alilibonyeza likiwa bado bichi, kabla ya tanuri,
sababu jina lake hakujua kuliandika.
Utotoni nilikuwa naingiza kidole changu pale, kinapotea.
Siku hizi hakiingii.
Hili ningeliweka kwenye agenda ipi?

Waliokataa, arobaini na mmoja.
Waliokubali, saba, na Yeremia.
Mama yake Wendo hakunyoosha upande wowote.
Afisa akashukuru, akasema maoni yetu
atayafikisha halmashauri kama yalivyo.
Alisema "kama yalivyo" akifunga begi.
Nje, watoto waliomwona anawasha pikipiki
wakagonga rimu ya lori inayoning'inia kwenye mkungugu,
wakagonga tena,
ingawa ilikuwa Jumamosi na hapakuwa na kipindi cha kuingia.

Nimeandika: Kikao kilifungwa saa tisa alasiri.
Nimepiga mstari. Nimesaini.
Mwandiko mzuri, alisema Afisa, umesoma wapi?

Jioni simu ikaita. Mdogo, kutoka Ng'hambala.
Amefundishwa kugawanya, mpaka kwa desimali.
Akanitajia jibu moja, refu, halikuisha.
Halafu akauliza
rimu yetu siku hizi anagonga nani.